Udongo wa Ulrich

Mwalimu Viviane hakuwa mtu wa kufundisha istilahi za fasihi kama anayesoma majina ya dawa. Mandhari, msuko, mgogoro, kilele, utatuzi: yote aliyageuza kuwa umbea, na umbea nani asiyeupenda? Shule yake ilikuwa upande wa kambi ya jeshi ya Makenke, mjini Mbarara, Uganda, na nusu ya darasa lake la kidato cha pili walikuwa watoto wa askari, wenye Kiswahili cha kambini, kile kilichopigishwa gwaride mpaka kikaangusha ngeli zake zote njiani. Viviane alikipenda hivyo hivyo. Chake mwenyewe, cha Kivu Kusini, nacho kilikuwa na matege yake, ila alikuwa amekifundisha kusimama wima mbele ya ubao.

Siku hiyo somo lilikuwa wahusika. Alikwisha kueleza mhusika mkuu na wahusika wadogo, na kwamba kila mmoja lazima awe na kazi katika hadithi, ndipo Faizo, mtoto wa sajini, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, sasa kama mutu iko ndani ya stori na hana kazi, sisi tunafanya yeye nini?"

"Una njia mbili," alisema Viviane. "Ya kwanza, unamtoa. Ukiona kumtoa kunaacha shimo, basi unamuua. Waandishi wavivu huua sana. Sentensi moja tu, na mtu hakusumbui tena."

Darasa lilicheka. Aliyebaki amekunja uso ni Gorret, ambaye baba yake alikuwa ametumwa kazini mbali, na nyumbani hawajamsikia tangu muhula uanze.

"Lakini mwalimu, huyo mutu iko na mama yake."

"Mama yake naye ni mhusika, Gorret. Tutampa machozi kidogo."

Wakacheka tena, na Viviane akacheka nao, maana alijua kuchekesha na alijua kwamba anajua. Kengele ikalia. Alikuwa bado anafuta ubao simu ilipoita, na kwenye simu alikuwa baba yake mdogo, Baudouin, akipiga kutoka Rubondo, kule kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale.

"Viviane, kaa chini kwanza," alisema Baudouin. "Papa yako ametuacha. Alikuwa nalima, akasema kifua inamubana, akalala pale pale kwa mistari ya maharagi."

Viviane alikaa kwenye kiti cha Faizo. Chaki ilikuwa bado mkononi mwake, na akalia mpaka chaki ikalowa.

"Na historia ni weye utasoma," Baudouin aliendelea, kwa upole. "Batu bote banangoja weye. Nani mwingine?"

Hakukuwa na mwingine, hilo ni kweli. Kwa Wakongo wa Rubondo, maiti haishuki kaburini kabla historia yake haijasomwa: alizaliwa wapi, alimwoa nani, alizaa nani, alipita wapi mpaka akafika hapa. Zamani historia hizo zilikuwa kavu kama makaratasi ya ofisi. Viviane alipoanza kuziandika, watu wakaanza kufika mapema ili wapate mahali pa kukaa karibu. Mlevi aliyemsumbua mkewe miaka yote, Viviane alimpa mgogoro wa nafsi, na mjane akalia kwa moyo wote. Mwanamke mbishi ambaye kanisa zima lilimkwepa alizikwa kama mtetezi wa wanyonge. Alitia chumvi, ndiyo, lakini kwa kipimo, na wafiwa walirudi nyumbani wakiwa wamependa marehemu wao kuliko alipokuwa hai. Alijivunia jambo hilo kuliko cheti chake cha ualimu.

Alifika Rubondo jua likiwa bado liko juu. Turubai lilikwisha kufungwa mbele ya nyumba, wanawake wanachagua maharagwe, vijana wa kanisa wanapiga randa mbao za jeneza. Mama yake, Nabintu, alikuwa amekaa kwenye mkeka karibu na maiti, miguu ameinyoosha, kitenge kichwani. Viviane alimwangukia. Walilia pamoja kwa muda mrefu, kisha Nabintu akamfuta binti yake uso kwa ncha ya kitenge, kama alivyomfuta siku walipovuka mpaka.

Nyuma ya nyumba, kwenye mteremko wa migomba, jembe lilikuwa linasikika. Aliyekuwa anachimba kaburi ni jirani yao, Muhirwa. Alikataa kupokewa jembe na vijana. Alisema marehemu Yonatani alikuwa amempa mbegu ya maharagwe mwaka alipofika hana kitu, na kwamba shimo hili ni deni lake kwa rafiki.

Baudouin alimvuta Viviane pembeni, karibu na jiko. Mama naye aliinuka akawafuata, ingawa hakuna aliyemwita.

"Ni juu ya ile historia," alisema Baudouin kwa sauti ya chini. "Ulrich usimutaje."

Hapo ndipo palipokuwa na kidonda cha nyumba hiyo. Ulrich alikuwa mdogo wake Viviane, kijana pekee wa Yonatani, na alikuwa na miaka kumi na sita alipochukuliwa na vijana wa msituni. Wengine walisema alichukuliwa, wengine walisema alikwenda kwa miguu yake. Yonatani alimfuata mpaka msituni kumrudisha. Akamkuta ameshika bunduki kwenye kizuizi cha njia, na mtoto akamwambia baba yake, "Rudi, mzee," kama anayemwambia mpita njia. Miezi haikupita mingi, vijana hao wakashuka kwenye kilima cha kina Muhirwa. Ndugu yake Muhirwa aliuawa huko, na hata mwili wake haukuokotwa. Familia ya Yonatani ilikimbia kwa sababu watu wa bondeni walikwisha kuanza kuuliza ni mtoto wa nani aliyeonekana nao. Walipofika Nakivale wakakaa kwanza kanda nyingine, na mtu mmoja wa kwao alipoanza kuuliza uliza, "Kijana yenu eko wapi siku hizi?", Yonatani akafunga vyombo wakahamia Rubondo. Tangu siku ya kizuizi hakulitamka tena jina la mwanawe, na hakuimba tena kwaya.

Lakini Ulrich alikuwa hai. Eliane, mama wa vitenge anayepita na biashara yake kati ya Bukavu na Mbarara, alimwona. Krismasi iliyopita kijana alipiga simu, akasema "Mama" mara moja, mtandao ukakatika. Nabintu aliishi kwa neno hilo moja mwaka mzima.

"Muhirwa eko nachimba kaburi ya kaka yangu," alisema Baudouin. "Akijua? Na ile familia yake yote iko hapa Rubondo. Bataamka na sisi kesho namna gani? Fikiri batoto."

"Mumutaje tu jina," alisema Nabintu. Ndiyo kwanza alikuwa anafungua kinywa. "Sisemi museme eko fasi gani, eko wapi. Sisemi museme alifanya nini. Jina tu. Kwetu mutoto asipotajwa kwa historia ya baba yake, ni kusema baba amemukataa. Hatakuwa na nyumba ya kurudia. Yonatani alimukatalia mudomo, moyo hakumukatalia. Mimi ninajua, mimi nililala naye."

Baudouin alitazama chini. Viviane akasema, "Mama, niachie. Nitaona namna."

Alichukua kiti akaenda kukaa nyuma ya kibanda cha mbuzi, akaanza kuandika. Alianza kwa mandhari, kama kawaida yake: milima, mto, ng'ombe wakishuka asubuhi. Yonatani kijana alimtoka vizuri, mwimbaji wa sauti nzito anayetembea nusu siku kwenda kumposa Nabintu. Hadi hapo kalamu ilikuwa inateleza. Alipofika kwenye vita ikakwama. Kila alilolijua kuhusu baba yake baada ya hapo lilikuwa na chanzo kimoja, na chanzo hicho alikuwa amekatazwa kukitaja. Kwa nini mwimbaji aliacha kuimba? Kwa nini mtu mpole alihama kanda na kuacha shamba lililokwisha kukomaa? Kila siku aliwaambia wanafunzi kwamba msuko ni sababu na matokeo, na sasa alikuwa na matokeo matupu. Alimtoa Ulrich, na hadithi yote ikabaki na shimo katikati.

Akamrudisha, akamtoa tena. Akamkumbuka mama yake amesimama pale jikoni, na Muhirwa shimoni anatema mate viganjani ili ashike jembe vizuri. Kisha wazo likamjia, jepesi kabisa, na akaandika bila kuinua kalamu: *Katika safari ile ya kukimbia vita alimpoteza kijana wake mpendwa Ulrich, ambaye Mungu alimwita akiwa bado mdogo, na tangu siku hiyo hakuimba tena.*

Aliisoma. Akaisoma tena. Jina lilikuwa limetajwa, tena kwa mapenzi. Muhirwa angelisikia bila kuumia. Kuacha kwaya kumepata sababu, kuhama kumepata huzuni nyuma yake, shimo limezibwa kwa sentensi moja. Na pamoja na msiba wote ule, Viviane aliona ile raha anayoiona fundi mlango unapoingia sawasawa kwenye fremu. Hapo ndipo pa kumlaumu. Alimwonyesha Baudouin, na Baudouin akampiga begani akasema, "Njo maana tulikusomesha." Mama alikuwa ndani na wanawake, wanamvisha marehemu. Viviane alijiambia kwamba si wakati wa kumsumbua, na uongo anaojiambia mtu mwenyewe huwa hauna wa kuupinga.

Walizika kesho yake mchana. Watu walijaa mpaka kwenye migomba. Viviane alisimama kwenye kichwa cha kaburi, akasoma, na kazi ikaenda kama alivyoipanga: walicheka alipotaka wacheke, wakanyamaza alipotaka wanyamaze. Alipofika kwenye ile sentensi alishusha sauti, kwa sababu ndipo alipopanga kilele. Wanawake waliguna kwa uchungu. Mama yake aliinua kichwa.

Hakupiga kelele. Alimtazama tu binti yake, macho makavu, kama mtu aliyeitwa kwa jina lisilo lake. Viviane alirudisha macho kwenye karatasi akasoma hadi mwisho.

Kuna jambo ambalo alikuwa amelisahau, au alijifanya kulisahau. Watu wa Rubondo wengi wana wafu walioachwa njiani, na wamejiwekea desturi yao: anapozikwa mtu wa nyumba, wale wa nyumba hiyo waliokufa bila kaburi huzikwa pamoja naye. Mama, au aliyebaki, hupewa udongo kiganjani, huita jina la aliyepotea, huutupa shimoni, na tangu hapo yule naye ana mahali pake. Viviane aliliona jambo hilo akiwa msichana. Kisha akaenda shule za bweni, akawa mtu wa kusoma historia na kuwahi gari la Mbarara kabla shimo halijafukiwa.

Mchungaji alisema, "Tumesikia kuna na kijana yao mwenye alibakia mu njia. Mama asimame."

Hakusubiri kuombwa, Muhirwa. Alitoka upande wa pili wa kaburi, mtu mrefu, matope mpaka magotini, akainama akachota udongo aliouchimba mwenyewe. Akauvunja vunja kwa vidole, akaondoa jiwe moja. Akaenda akapiga magoti mbele ya Nabintu.

"Mama," alisema, na machozi yalikuwa yanamtoka. "Hamukutuambia. Miaka yote mulibeba hii kitu peke yenu. Mimi pia niko na ndugu yangu mwenye hana kaburi, ninajua vile inakula mutu. Shika. Tumuzike mutoto, apumuzike."

Nabintu aliutazama udongo. Akamtazama Muhirwa, kisha Viviane, kisha watoto wa nyumba yao waliokuwa wamekaa mstari mmoja kwenye nyasi. Kwaya ilikuwa imeanza kuimba taratibu, ikimngoja. Viviane alitaka kusema. Neno lilikuwa fupi kabisa, "Hapana," au "Eko muzima," na kila alipotaka kulitoa alimwona Muhirwa amepiga magoti na viganja vimejaa.

Mama alifungua mkono wake wa kulia, akaupokea udongo. Alitembea mpaka ukingoni, Muhirwa amemshika kiwiko asiteleze. Desturi ni kuita jina na kusema, "Lala." Nabintu aliita, "Ulrich!" Aliita kwa sauti ya mama anayemwita mtoto aliyekwenda mbali kucheza. Akangoja. Kwaya yenyewe ikanyamaza. Hakusema lala. Alifungua vidole, udongo ukaanguka juu ya jeneza la Yonatani, naye akaketi pale pale ukingoni.

Watu walilia siku hiyo kuliko walivyomlilia marehemu. Walidhani ni uchungu wa zamani uliopata njia ya kutoka. Walimsifu Viviane pia. Mwanamke mmoja alimshika mkono akamwambia hajawahi kusikia historia nzuri namna ile. Viviane alisema asante.

Baada ya mazishi maji yaliletwa kwenye beseni, kila mtu akanawa kabla ya kula. Beseni lilipofika kwa Nabintu alinawa mkono wa kushoto tu. Ule wa kulia aliuweka mapajani, umefumba, udongo bado kwenye mikunjo ya vidole. Viviane alipiga magoti pembeni yake kwenye mkeka.

"Mama, nisamehe. Nilitaka jina yake itajwe. Sikuona namna ingine."

"Uliitaja," alisema Nabintu.

"Ilikuwa juu ya batoto. Juu ya Muhirwa."

"Uliniuliza?"

Mama yake hakumfukuza. Walikaa hivyo, na pale kibarazani Muhirwa alikuwa anakula maharagwe na ugali pamoja na Baudouin, anasimulia jinsi Yonatani alivyomfundisha kupanda kwa mistari. Baudouin alikuwa anaitikia bila kuinua uso.

Simu ikaita kwenye fundo la kitenge cha Nabintu. Aliifungua kwa mkono wa kushoto, akaitazama, na Viviane akaona namba inaanza na ile ya Kongo. Mama aliiacha iite. Kidole kilikuwa juu ya kitufe, lakini watu walikuwa wamejaa nyumba nzima na Muhirwa alikuwa hatua chache tu kutoka pale. Akamsukumia binti yake simu.

"Enda nayo kule," alisema. "Ongea weye. Si weye njo unajua kuongea?"

Viviane alitoka mbio, akapita kibanda cha mbuzi, akasimama kwenye migomba, karibu na kaburi, kwa sababu hakukuwa na mahali pengine pasipo na watu. Vijana walikuwa wamemaliza kurundika udongo na kuupiga piga kwa majembe, wakaondoka.

"Allo? Mama?"

Sauti ilikuwa nzito. Ilikuwa sauti ya baba yake, ile ya kabla hajaacha kuimba.

"Ni mimi. Viviane."

"Yaya!" Ulrich alimwita dada yake kama zamani, akicheka na kulia papo hapo. "Yaya Viviane. Eliane ameniambia juu ya papa. Niko Uvira. Nilitoka mu pori, yaya, tangu mwezi wa mvua. Niko nabeba mizigo kwa bandari. Nilikuwa naogopa kupiga, juu ya papa. Nilisema nitapata kwanza viatu, nikuye niko mutu, nimuombe pardon. Nimechelewa."

"Umechelewa, mwana wa mama," alisema Viviane.

"Mumekwisha kumuzika?"

"Leo."

"Historia ilisomwa?"

"Ilisomwa."

Mtandao ulikwaruza. Alidhani umekatika, akatamani ukatike. Kisha sauti ikarudi, ndogo sasa, sauti ya yule mtoto aliyekuwa akimbeba mgongoni kwenda naye mtoni.

"Balinitaja?"

Viviane alitazama kaburi. Kutoka pale aliwaona mama yake kwenye mlango wa nyuma, mkono wa kulia umefumba, na Muhirwa anamwinamia kumpa sahani ya chakula.

"Tulikutaja," alisema.

"Mbele ya batu bote?"

"Mbele ya batu bote."

"Nani alisema jina yangu? Ni weye?"

"Mama," alisema Viviane. "Mama alikuita. Kwa sauti."

Alimsikia akilia, kilio cha mtu mzima asiyezoea, kinachotoka vipande vipande.

"Basi papa hakunikatala," alisema Ulrich. "Basi ninakuya, yaya. Nitafika kwa kutoa matanga, ile siku ya kumaliza kilio. Uambie mama. Muniwekee fasi."

Simu ikakatika. Viviane alibaki ameishika sikioni, na mbele yake wanawake walikuwa wamekuja kuweka majani mabichi ya mgomba juu ya udongo.